Gia ya nne haikuja

Alfajiri ya mwezi wa saba, Mlolongo huwa na baridi ya kugonganisha meno. Saa kumi na moja na nusu mimi huwa nimeshaingia Nairobi Expressway, keki zimefungwa mikanda kwenye kiti cha nyuma, na mbele yangu kuna kilomita 27 za lami hadi Westlands. Naoka Kitengela na kupeleka kwa wateja wa upande ule kabla mji haujaamka. Tangu barabara ile ifunguliwe kwa magari Mei 2022 nimeipita mara nyingi mno, na gari langu la otomatiki nalijua kwa sikio. Likifika kilomita 60 kwa saa hivi, linabadilisha gia na sauti inashuka. Muda mfupi baadaye inashuka tena kidogo, kisha kimya. Hapo ndipo mimi huwasha redio.

Asubuhi moja kimya hakikuja.

Nilifika 80, ambayo ndiyo kasi ya mwisho inayoruhusiwa kule juu, na injini ikawa bado inalia kama gari linalopanda mlima. Mshale wa mizunguko ya injini, ambao kwa kasi hiyo hukaa chini kidogo ya 2,000, ulikuwa unanyemelea 3,000. Niliachia mafuta, nikakanyaga tena polepole. Wapi. Nikadhani nimegusa kile kitufe cha ubavuni mwa gia kinachozima ovadraivu, yaani gia ya nne, lakini taa yake haikuwa imewaka. Nikaenda hivyo hadi Westlands, mikono imekaza usukani, nikisikiliza petroli yangu ikiungua bure.

Mchana wakati wa kurudi, gari liliingiza gia zote nne kama vile halijawahi kuwa na neno. Kesho yake alfajiri likakataa tena.

Gereji ya kwanza niliyokwenda haikuchukua hata robo saa. Kijana aliendesha akazunguka mtaa, akarudi akipangusa mikono. "Mama, hii giaboksi imeisha. Tukutafutie nyingine ya Japani." Kwa shilingi 85,000 pamoja na kazi. Boneti haikufunguliwa. Niliomba wiki moja ya kutafuta pesa, na kwa kweli nilianza kuzitafuta. Biashara ya keki bila gari haipo. Mteja wa harusi hatakusubiri upande bodaboda na keki ya ghorofa tatu.

Lakini kitu kilinikaa rohoni: kwa nini alfajiri tu? Kitu kilichoisha kimeisha asubuhi na jioni. Mimi si fundi wa magari, ila mtu anayeoka kwa riziki anajua kupima, na unga ukigoma kuumuka hatupi oveni kabla ya kuangalia hamira. Usiku huo nikakaa mezani na daftari langu la oda, nikaamua kulielewa hili jambo mwenyewe kabla sijalipa.

Nilianza na tairi. Ubavuni limeandikwa 195/65R15. Hiyo 195 ni upana kwa milimita. Hiyo 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya upana, yaani kama milimita 127. Hiyo 15 ni rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha milimita 635. Zidisha kwa 3.14, unaona kwamba tairi likizunguka mara moja gari linasogea karibu mita mbili kasoro sentimita moja. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 1,333 kila dakika. Tairi, basi, linazunguka kama mara 670 kwa dakika.

Kutoka kwenye tairi kurudi kwenye injini kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni difu, gia zinazopeleka mwendo kutoka giaboksi hadi magurudumu, ambayo kwenye gari langu ni 4.1: ili tairi lizunguke mara moja, kinachotoka kwenye giaboksi kizunguke mara nne na kidogo. Ya pili ni gia yenyewe. Gia ya tatu kwangu ni 1, inavyoingia ndivyo inavyotoka. Gia ya nne, ile wanayoiita ovadraivu, ni 0.7: injini inazunguka mara saba wakati kinachotoka kinazunguka mara kumi. Nikafanya hesabu zote mbili. 670 mara 4.1 mara 1 ni karibu 2,750. 670 mara 4.1 mara 0.7 ni karibu 1,920.

Jumamosi alfajiri nilimchukua kijana wangu, akashika simu inayosoma kasi kwa setilaiti ili tusitegemee mshale wa gari, ambao kwa kawaida huongeza chumvi kidogo. Simu ikasema 80. Mshale wa mizunguko ukasimama 2,900, labda pungufu kidogo.

Kwa hiyo gari lilikuwa gia ya tatu. Hilo lilinipa moyo, maana gia ya tatu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, bila kuteleza na bila kutikisika. Lakini hesabu yangu ilibaki na salio. Gia ya tatu inataka 2,750 na mimi nilikuwa na 2,900. Mizunguko 150 ilikuwa inakwenda wapi? Sikuijua siku ile, na ndiyo iliyonifungulia mlango.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki hakuna gia zinazosukumwa huku na kule kama kwenye ile ya klachi ya mguu. Gia zote zimeshikana muda wote. Katikati kuna gia moja, wanaiita jua. Kuna ndogo kadhaa zinazoizunguka, sayari. Na nje kuna duara kubwa lenye meno upande wa ndani. Ukishika moja ya hizi tatu isizunguke, na ukaingiza nguvu kwenye nyingine, ya tatu itatoka na mwendo tofauti. Ukibadilisha ya kushikwa, umebadilisha gia. Kazi ya kushika hufanywa na klachi ndogo zilizopangwa kama chapati, zikibanwa na oili yenye shinikizo, na oili hiyo hufunguliwa njia na valvu ambazo kompyuta inaziwasha na kuzizima kwa umeme. Kubadilisha gia ni klachi moja kuachia huku nyingine ikibana, kwa sehemu ya sekunde.

Kompyuta inaamuaje? Watu wengi hudhani inatazama kasi tu. Inatazama vitu viwili kwa pamoja: gari linakwenda kasi gani, na mguu wako unaomba nguvu kiasi gani. Kwa kasi ileile ya 70, ukigusa mafuta kidogo itakupa gia ya nne, ukikanyaga hadi chini itakurudisha ya tatu, pengine hata ya pili, ili upite lori. Tena haiweki mpaka mmoja wa kupanda na kushuka. Kama ya nne iliingia ukifika 60, haitatoka mpaka ushuke hadi 50 hivi, kwa sababu mpaka ungekuwa mmoja gari lingekaa linarukaruka kati ya gia mbili kila upepo ukivuma.

Na hapa kwetu linarukaruka hata hivyo. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa inayovuta ni nyepesi. Ina maana gari langu hapa lina pungufu ya kama asilimia 17 ya nguvu lililokuwa nazo siku liliposhushwa bandarini Mombasa. Mguu unakanyaga zaidi ili kupata mwendo uleule, na kompyuta inasoma mguu. Ukielekea Limuru, ambako unavuka mita 2,200, mambo huwa wazi: gari linaingia ya nne, linazidiwa, linashuka ya tatu, linapata nguvu, linapanda ya nne, linazidiwa tena. Niliwahi kupeleka keki ya harusi kule na kila mruko niliusikia mgongoni nikihesabu ghorofa za keki. Kile kitufe cha ovadraivu kiliwekwa kwa safari kama hiyo. Unakibonyeza, gari linakaa ya tatu mlima wote, oili inapoa na keki inatulia. Ukifika juu unakirudisha. Nimeona magari mengi jijini taa hiyo inawaka mwaka mzima, na mwenye gari analalamika kwamba linakunywa mafuta. Kama ni wewe, tafadhali bonyeza kitufe hicho leo.

Nisisahau: haya ni ya otomatiki ya gia. Magari mengi yanayotoka Japani siku hizi ni CVT, yana mkanda na puli mbili badala ya gia, na oili yake ni tofauti kabisa. Ukimwagia CVT oili ya otomatiki ya kawaida umeiua.

Turudi kwenye ile mizunguko 150. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki hakuna chuma kilichoshikana na chuma. Kuna toki-konvata, dubwana la mviringo lililojaa oili. Fikiria sufuria ya uji. Ukikoroga kwa mwiko uji unazunguka, na kijiko kingine kilichotumbukia humo kitazunguka nao ingawa hakigusani na mwiko. Injini ndiyo mwiko, giaboksi ndiyo kijiko. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye jemu la Haile Selassie huku injini ikiendelea bila kuzima: mwiko unakoroga, kijiko umekizuia kwa breki. Mjerumani mmoja, Hermann Föttinger, aliyekuwa akihangaikia mitambo ya meli, alisajili wazo hili mwaka 1905. Katikati kuna kipande cha tatu kinachorudisha oili kwa upande unaofaa, na kwa sababu yake toki-konvata linaweza kuzidisha nguvu ya kuzungusha ya injini karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka.

Lakini kijiko hakiwezi kuufikia mwendo wa mwiko. Siku zote kinabaki nyuma kidogo, na kile kidogo kinageuka joto na petroli iliyopotea. Mjini hilo si kitu. Kwenye barabara kuu, saa nzima kwa kasi moja, ni hasara. Dawa yake ni klachi ndani ya toki-konvata: gari likishatulia kwenye mwendo, klachi hiyo inabana, mwiko na kijiko vinakuwa kitu kimoja. Kampuni ya Packard ya Marekani iliiuza hiyo mwaka 1949, ikapotea kwa wengi, ikarudi kwa nguvu miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipopanda. Kule kushuka kwa sauti mara ya pili ninakokusubiri kila alfajiri, ambako miaka yote nilidhani ni gia ya tano, kumbe ni klachi hii inabana. Na ile mizunguko 150 ilikuwa mtelezo wa oili. Toki-konvata langu nalo halikuwa linajifunga.

Hapo nikaweka kalamu chini. Gia ya nne imekataa na klachi ya toki-konvata imekataa, zote alfajiri, zote zinapona mchana. Vitu viwili tofauti haviwezi kufa kwa ratiba moja. Vinaye mkubwa mmoja anayevinyima ruhusa.

Jumatatu nilimtafuta mzee mmoja wa Industrial Area ambaye kazi yake ni kufungua giaboksi, basi. Nilimwonyesha daftari. Alilisoma hadi mwisho akiwa amesimama, bila kusema neno, kisha akasema, "Mama, njoo na gari hilo kesho usiku haujaisha. Likiwa limeshapoa sana."

Tulikutana Mlolongo kabla ya mapambazuko. Injini ilipokuwa imepata moto kidogo, aliniambia nipitishe gia zote nikiwa nimekanyaga breki, nirudishe P, ya kuegesha, nisizime. Akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakipangusa kwa karatasi nyeupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Alimulika kwa simu. Oili ilikuwa nyekundu kama Ribena, safi. Akainusa, akanipa na mimi ninuse. "Klachi ikiungua, hii hunuka kama ugali ulioshika chini. Hii haina kitu." Sekunde thelathini za kazi, na zile 85,000 zilikuwa zimeanza kurudi mfukoni mwangu.

Kule juu, kwenye 80, akaniambia niangalie kioo kama kuna mtu nyuma. Hakukuwa na mtu. "Shika mafuta hapo hapo. Kwa mguu wa kushoto gusa breki, kugusa tu, taa iwake." Niligusa. Mshale haukutikisika. Akaeleza kwamba breki inapoguswa, toki-konvata lililojifunga huachia, mshale unaruka juu mara moja. Usiporuka, halikuwa limejifunga. Kisha akanyamaza, akainama kunitazamia dashibodi kutoka upande wake.

"Mama, huu mshale wa joto hukaa hapa siku zote?"

Ulikuwa robo tu ya njia. Sikuwa nimewahi kuutazama. Sisi wa Nairobi tumefundishwa kuogopa mshale wa joto ukipanda. Ukiwa chini tunashukuru Mungu. Alikuwa na kimashine kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, akakichomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu yake: maji ya injini nyuzi 54. Tumeendesha kilomita 12. Yalipaswa kuwa yamevuka 80 muda mrefu.

Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyemwona rafiki wa zamani. "Wamekutolea themostati."

Nikakumbuka. Mwezi wa tano rejeta ilivuja, nikaipeleka kutengenezwa, na fundi aliyeifanya alinirudishia gari akisifu kwamba sasa halitachemka kamwe. Themostati ni kizibo kidogo kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi kinafunga ili maji yasiende kwenye rejeta na injini ipate moto haraka. Ikipata moto kinafungua. Kuna imani katika gereji zetu nyingi kwamba kizibo hicho ni cha nchi za theluji, na Afrika hatukihitaji. Kikitolewa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote. Kwenye jemu la mchana huoni tofauti, maana upepo haupo na injini inapata moto hata hivyo. Kwenye barabara kuu alfajiri ya mwezi wa saba, rejeta inapigwa na upepo wa kilomita 80 kwa saa wenye nyuzi kumi na kitu, na injini haipati moto hata ufike Westlands.

Na kompyuta, ikiona injini baridi, inakatalia gia ya nne na inakatalia klachi ya toki-konvata. Inafanya hivyo kwa makusudi: mizunguko ikiwa mingi injini itapata moto upesi, na oili inayokorogwa itapata moto pia. Inaongeza na petroli, kama inavyofanya asubuhi unapowasha. Giaboksi yangu ilikuwa inatii amri. Ilikuwa inasubiri joto ambalo halingekuja, na mimi nilikuwa mbioni kuing'oa.

Nilinunua themostati Kirinyaga Road, pamoja na gasketi yake, kwa pesa isiyofika elfu tatu. Kabla ya kuifungisha nikaenda nayo nyumbani. Imepigwa muhuri wa 82, na mimi siamini muhuri wa oveni wala wa kitu kingine mpaka nipime. Niliifunga uzi, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji isiguse chini, nikaweka kando yake kipimajoto ninachotumia kwa sukari ya karameli. Nyuzi 60, kimya. 75, kimya. Kwenye 82 na ushei ile sahani ya shaba ikaanza kuinuka, polepole mno, kama jicho la mtoto anayeamka. Ndani yake kuna nta, na nta ikiyeyuka inatanuka na kuisukuma. Maji yalipochemka, ambayo hapa Kitengela ni kwenye nyuzi 95 hivi kwa ajili ya mwinuko, ilikuwa imefunguka upana wa kidole. Nilizima jiko, nikatazama inavyojifunga yenyewe. Kijana wangu aliniomba turudie, tukarudia.

Mzee aliifungisha kwa dakika arobaini. Alipofungua kikombe chake kwenye injini alinionyesha kwa tochi: kiti kitupu, na mfereji wa kukalia gasketi umejaa kutu. Nilimpa pesa zake na keki ya limau.

Alhamisi nilitoka na oda ya ghorofa mbili, krimu laini isiyopenda mshtuko. Nilipita Mlolongo, baridi ileile. Kabla ya kufika njia ya kutokea uwanja wa ndege wa JKIA mshale wa joto ukawa umefika katikati. Nilikuwa 70, mguu mwepesi. Mshale wa mizunguko ukaanguka kutoka karibu 2,500 hadi chini ya 1,900. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. Ukaanguka tena, kidogo sana, upana wa mstari mmoja.

Nikagusa breki kwa mguu wa kushoto. Ukaruka juu. Nikaachia, nikasubiri, ukashuka.